Siku Tuliyomzika Good

Sisi tuliosoma huku kwenye chai kabla simu haijaingia mfukoni mwa kila mtoto, tulikwenda shule na vitu viwili: ukuni mmoja wa jiko la walimu, na kidole gumba cha mguu kilichofungwa kitambaa. Ukuni ulikuwa lazima. Kidole kilikuwa gharama ya mchezo. Tulivunja tawi la msaiprasi, tukalikalia watatu watatu, tukateleza kutoka nyuma ya kanisa mpaka karibu na mto, na breki pekee tuliyokuwa nayo ilikuwa ni hicho kidole. Mvua ilinyesha kila siku saa nane kana kwamba kuna mtu anaipigia kengele, na majani ya mteremko ule hayakukauka mwaka mzima. Binti yangu ana miaka kumi na mitatu, na nikimtuma dukani hapo chini anauliza kama nitamwitia boda.

Tulikuwa tunakaa juu kidogo ya Silibwet. Ukisimama mlangoni kwetu ulikuwa unaona chai tu, yetu na ya majirani, imeshuka bonde na kupanda upande wa pili. Asubuhi kabla ya shule tulichuna kidogo, umande ukitulowesha mpaka kiunoni hata ukijifunga nailoni. Baba alikuwa na msemo wake, kwamba anayeogopa umande ataoa mvua. Sikuwahi kuelewa maana yake, na nadhani hata yeye hakuielewa, lakini ulitutoa kitandani. Jioni tulikula kimyet, ule ugali mgumu wa kwetu, na isagek, mboga chungu iliyolazwa kwenye maziwa siku mbili mpaka ikasalimu amri. Na juu ya vyote hivyo alikuwako Kogo.

Kogo ni nyanya kwa Kikipsigis, na huyu alikuwa mama mzazi wa baba. Hakusoma hata siku moja. Karatasi zote za chai alizitia sahihi kwa kidole. Lakini alikuwa na neno moja la Kiingereza, na alilipata pale kwenye banda la kununulia majani. Karani alikuwa anamwaga kikapu chako mezani, anayapekua majani kwa vidole akitafuta yaliyokomaa na vijiti. Akikuta ni majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, basi anasema "Good," na kuyatia kwenye gunia la mizani. Akinyamaza, ujue utarudi nyumbani na kikapu chako ukayamwage chini ya migomba. Kwa hiyo wanawake wote walilisubiri neno lile wakiwa wamebana pumzi, na Kogo, ambaye majani yake hayakuwahi kukataliwa, alilibeba kila siku akaja nalo nyumbani.

Kinywani mwake g iligeuka k, kama ilivyo kwa wazee wetu wengi, ikawa "kut". Na kazi aliyolipa! Chai iliyokolea ilikuwa kut. Ng'ombe aliyekubali kukamwa bila kurusha teke alikuwa kut. Ukimmiminia uji na kikombe kikifika mahali pake, alisema kut, maana yake acha, inatosha. Mgeni akiaga aliambiwa kut, maana yake nenda salama. Siku nilipoungua mkono kwa sufuria aliushika, akaupulizia, akasema kut, kut, kut, na hapo ilimaanisha kwamba yatapita. Na nilipoleta ripoti ya shule nimekuwa wa ishirini na nane, aliishika karatasi juu chini, akaikagua kwa makini kama karani, akanishika kichwa na kusema kut. Nilikwenda kulala nikiamini kwamba ishirini na nane ni namba ya heshima.

Nilipofika darasa la sita tulipata Mwalimu Omwenga. Alikuwa ametoka upande wa Kisii, mrefu, na sweta moja ya kijani jua na mvua. Alipenda Kiingereza jinsi wengine wanavyopenda mpira. Hakuwa mtu mbaya, na ninataka hilo lieleweke kabla sijaendelea. Alitupa insha, "My Grandmother", nami nikakaa chini nikaandika kwa furaha, maana hatimaye shule ilikuwa imeniuliza kitu ninachokijua. My grandmother is a good grandmother. She makes good tea. Her cow is good. Hivyo hivyo mpaka chini ya ukurasa.

Aliisoma darasani kwa sauti. Kila alipofika kwenye good alisimama na kuinua kidole, na darasa likahesabu. Walipofika kumi walikuwa wanapiga madawati. Mimi niliangalia kitambaa cha kidole changu cha mguu.

"Kumi na tisa," Mwalimu alisema. "Huyu Good mmemfanyisha kazi kama punda wa siku ya soko Ndanai. Mtu akifanyishwa kazi hivyo, mwisho wake ni nini?"

Mtu akasema anachoka. Mwalimu akauliza, je, akichoka kupita kiasi? Darasa zima likasema anakufa.

"Basi amekufa," alisema. "Ijumaa tunamzika."

Nilidhani ni mzaha. Ijumaa baada ya mapumziko alitupanga mistari miwili, akatupeleka nyuma ya darasa kwenye ua wa kayaba tukiimba pambio pole pole. Neno lilikuwa limeandikwa kwa makaa kwenye karatasi, karatasi ikakunjwa na kutiwa kwenye mkebe wa mafuta ya kujipaka. Shimo lilikuwa limechimbwa tayari. Kiranja wetu, Wesley, alisoma wasifu wa marehemu. Marehemu Good alizaliwa Uingereza zamani, mwaka haujulikani. Alikuja Kenya kwa meli, akafanya kazi katika ofisi zote, shule zote na mashamba yote, bila likizo. Alifariki baada ya kuugua uchovu kwa muda mrefu. Ameacha ndugu wawili, Nice na Fine, ambao nao hali zao si za kuridhisha, pamoja na jamaa wengi wanaokaa mbali na hawakuwa wakimtembelea. Tulicheka mpaka tukalia, kisha tukafukia.

Hao jamaa wa mbali ndio tuligawiwa. Kila mmoja alipewa yatima wake wa kumlea mpaka mwisho wa muhula, amwandike, amtamke, amjue tabia zake. Wesley alipewa Magnificent na akatembea siku hiyo kifua mbele. Wengine walipata Splendid, Superb, Exemplary, Admirable. Mimi nilipata Benevolent, na ilinichukua wiki kumwandika bila kumkata mguu mmoja. Atakayelitaja jina la marehemu atavaa kile kibao cha mti chenye uzi wa gunia, kilekile walichovalishwa waliokamatwa wakisema lugha ya nyumbani. Hata salamu zilibadilika. Mwalimu aliingia na kusema "Pleasant morning, class," nasi tukajibu kwa pamoja, na madarasa mengine yakatuonea wivu kwa kuwa sisi tulikuwa na asubuhi ya aina yake.

Ninasema bila aibu kwamba hatujawahi kujifunza Kiingereza kama muhula ule. Leo mtoto anagusa kioo na maneno arobaini yanamiminika, na kesho hana hata moja kichwani. Sisi yatima wetu tulilala nao. Lakini kuna jambo lililotokea Jumamosi yake, na hilo ndilo lililonifanya nikae leo na kuandika.

Tulikuwa shambani, mimi na Kogo, mistari miwili inayopakana. Aliulaza ufito wake juu ya michai kupima usawa, akachungulia kikapu changu, akayageuza majani kwa vidole.

"Kut," akasema.

Zile kumi na tisa zilikuwa bado zinaniwasha masikioni. Nilimwambia asiseme hivyo. Nilimwambia neno hilo limekufa, tumelizika jana shuleni, mwalimu mwenyewe alikuwako, na wanaolisema siku hizi ni watu wasiosoma. Hilo la mwisho Mwalimu hakulisema. Nililiongeza mimi.

Kogo alicheka kwanza. Aliuliza amekufa kwa ugonjwa gani. Nikasema uchovu. Aliuliza ni nani aliyemchosha, nami nikainamia mchai wangu, kwa sababu nilijua kwamba ni yeye na mimi. Aliniangalia usoni akaona kuwa sifanyi mchezo, na kicheko kikamwisha. Akauchukua ufito wake, akausogeza mbele.

"Basi tumwache apumzike," alisema.

Nilipaswa kujua. Kogo alikuwa mkristo wa kubatizwa na kitambaa cha kichwa cha Jumapili, lakini kuna mambo ya wazee wake ambayo hakuyaacha, na mojawapo lilikuwa hili: jina la aliyezikwa halitajwi ovyo. Alikuwa na kaka yake aliyefariki kijana, na sikuwahi kulijua jina lake mpaka nilipokuwa mtu mzima. Sisi tulikuwa tumefanya sherehe ya watoto, mkebe na makaa. Yeye aliambiwa na mjukuu wake msomi kwamba kuna mazishi yamefanyika, na akayaheshimu.

Hakulisema tena. Pale bandani karani alisema "Good," naye akatikisa kichwa tu, na karani akamuuliza kama anaumwa jino. Chai ilikolea, akatikisa kichwa. Ng'ombe alitulia, akampigapiga mgongoni bila neno. Wiki ya kwanza nilihesabu kuwa nimeshinda. Wiki ya pili nyumba ilikuwa imetulia kama redio iliyoishiwa betri, na mama akaanza kuniuliza nimemfanya nini Kogo. Nilisema sijamfanya kitu. Nilikuwa nikimletea maji ya kunawa bila kutumwa, nikimpangia kuni, nikisimama karibu yake kusubiri kama atasahau na kuliachia. Hakuwa mtu wa kusahau.

Ulipofika ule mwezi wa baridi na mvua ya mawe, kifua kilimshika. Daktari alikuja mara mbili. Alasiri moja mama alinipa maziwa ya moto nimpelekee. Nilimwinua, nikamshikia kikombe, akanywa kidogo kidogo mpaka karibu kuyamaliza. Kisha akanitazama juu ya ukingo wa kikombe. Midomo yake ilianza kujikunja, ikasita. Aliniangalia jinsi mtu anavyosimama mlangoni mwa wenyewe akingoja aambiwe karibu.

Nilijua anachotaka. Ninaapa nilijua. Ilikuwa nimwambie tu, sema, Kogo, halijafa, ulikuwa mchezo. Lakini ningelazimika kusema pia kwamba yale ya watu wasiosoma nilikuwa nimeyatunga, na nilikuwa na miaka kumi na miwili, umri ambao mtu anaona afadhali amezwe na ardhi kuliko kusema samahani. Nikajiambia kesho. Nikachukua kikombe nikaenda kukiosha. Alifariki siku ya pili yake, kabla ya saa sita.

Mazishi ya kwetu bila wasifu wa Kiingereza yalionekana kama harusi bila keki. Baba mdogo alikuwa anakuja kutoka Nairobi na watu wa kazini kwake, na wageni wengine wa ofisini walikuwa wanatoka Kapsoit, kwa hiyo ilikubaliwa kwamba wasifu usomwe kwa Kiingereza na mzee wa kanisa autafsiri. Baba alinitazama mimi. Alisema mimi ndiye mwenye Kiingereza kirefu.

Niliuandika siku mbili. Benevolent wangu peke yake hakutosha, kwa hiyo nilizunguka kuazima yatima wa wenzangu. Hata Wesley, ambaye hakuwa mtu wa kutoa, alinipa Magnificent bila kuniuliza mara mbili. Niliwapanga wote kwenye karatasi ya mistari, na nilihakikisha kwamba marehemu Good mwenyewe hayumo. Nilitaka kumlipa Kogo kwa maneno makubwa. Niliona kwamba nikimpa makubwa ya kutosha, lile dogo nililomnyang'anya litasahaulika.

Mkalimani alikuwa Mzee Joel. Alikuwa ametafsiri wahubiri wa kila namna kwa miaka mingi, wa haraka na wa machozi, na hakuwahi kukwama. Nilisimama juu ya kiti, kaburi likiwa mbele yangu, na Mwalimu Omwenga nilimwona nyuma na sweta yake. Nikasoma kwamba nyanya yangu alikuwa benevolent.

Mzee Joel alifikiri kidogo. "Mie," akasema.

Mie ni zuri. Ni neno la kwanza mtoto wa Kipsigis analofundishwa baada ya maziwa. Nikaendelea, nikasema alikuwa exemplary. Akasema mie. Nikasema kazi yake ilikuwa admirable, na Mzee Joel akasema mie sana, mie mising. Nikampa splendid, akanirudishia mie. Nikampa superb. Nilipofika magnificent nilimwangalia kwa hasira, maana nilidhani anaichezea kazi yangu ya siku mbili, nikalitamka polepole ili lisimponyoke. Wanawake wa bandani, waliokuwa wamesimama pamoja na leso zao mabegani, hawakumsubiri tena. Walisema wenyewe, kwa sauti ya chini, mie.

Mpaka leo sijui kama Mzee Joel alikuwa hayajui yale maneno, au alikuwa anamjua Kogo. Ninachojua ni kwamba nilisimama pale juu ya kiti na yatima wote niliowakusanya, na kila mmoja niliyemwachilia alikwenda moja kwa moja kwao, kwenye lile neno dogo. Karatasi ilikuwa bado na nusu ukurasa. Niliikunja.

"My grandmother was good," nikasema.

Mzee Joel alifungua mdomo kutafsiri, akaufunga. Akavua kofia.

"Kut," alisema.

Na wale wanawake wakajibu hivyo hivyo, kut, kama alivyokuwa akisema yeye. Hata karani alikuwako, amesimama karibu na ua, nikaona midomo yake ikisema. Hapo nililia mpaka mama akaja kunishusha. Watu walifikiri ni uchungu wa kufiwa, na ulikuwa huo, lakini ulikuwa pia na mengine ambayo sikumwambia mtu.

Jumatatu Mwalimu Omwenga aliingia darasani akasimama mlangoni na chaki mkononi. Kisha akasema, "Good morning, class."

Tulidhani ni mtego. Wesley aliangalia kibao kilichoning'inia ukutani. Mwalimu alirudia polepole, na safari hii alikuwa ananitazama mimi. Nilisimama nikajibu, na wengine wakasimama nyuma yangu. Hakueleza kitu, na hatukwenda kufukua. Nadhani ule mkebe uko pale mpaka leo, umekuwa kutu chini ya kayaba.

Siku hizi upande wa pili wa bonde mashine ndizo zinazokata chai, zinapita juu yake kama kinyozi mwenye haraka. Bandani kwetu mizani inaandika yenyewe, na kijana anayeisimamia ana vitu masikioni na hamwambii mtu neno lolote. Mteremko wa nyuma ya kanisa umejengwa ukuta. Vijana wana maneno yao, kila kitu ni fiti, ukiwapikia ni fiti, ukiwakemea ni fiti. Nilikuwa nikiwacheka mpaka nikakumbuka nilivyolelewa.

Juzi Chela, huyu wangu wa kuitiwa boda, alikuwa mezani na insha, amenishikia simu yangu. Aliniuliza kama kati ya kind-hearted na phenomenal ni lipi kubwa. Nikamuuliza anamwandika nani.

"Ni wewe, Mum," alisema bila kuinua macho. "Nilikuwa nimeandika good, lakini tichi amesema hiyo ni ya watoto. Atanikata maksi."

Nikamwambia aache hiyo hiyo, akatwe. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa arudi shule na ukuni, kisha akacheka, akairudisha. Nilitoka nje nikasimama mlangoni, mahali pale pale tulipokuwa tunasimama, nikitazama chai.

Watu wa rika langu tukikutana huwa tunaulizana, ukirudishiwa siku moja ya utoto utachagua ipi. Wengi wanachagua Krismasi, au siku ya kuteleza na matawi. Mimi nachagua alasiri moja ya mvua ya mawe. Simtaki mwalimu, wala wenzangu, wala mchezo wowote. Nataka kile kikombe cha maziwa mkononi, na Kogo akinitazama juu ya ukingo wake, anasita. Nami nimwambie, sema tu, Kogo.